Somo: Anayerudi Alipe Hongo (kumrudisha mhusika wa zamani katika dunia iliyoanza upya)

Wakuu, habari za Jumapili. Tangu tuizamishe Tembe Saba, dunia yetu ya mchezo, na kuanza Nchi Mpya, sijawahi kufungua boksi la vinyago bila mtu kuuliza habari za mhusika wetu wa zamani, "Sikio Moja je?" Wengine mnauliza kwa utani, wengine naona kabisa mmenuna. Basi leo naandika yote niliyojifunza, pamoja na pale nilipoboronga, ili atakayetaka kumrudisha mtu wake asikanyage mwiba nilioukanyaga mimi.

Kwa wageni: tunacheza vita vya mezani. Kila mtu ana jeshi la vinyago vidogo vinavyosimama juu ya visoda, tunapima mwendo kwa futi kamba, tunarusha dadu kuamua nani kapigwa nani kapona, na hadithi inaendelea Jumamosi hadi Jumamosi. Tembe Saba tuliiokota humuhumu Ugogo: nchi kavu, mibuyu, na watemi wanaotoza hongo, yaani ushuru wa njia, kila msafara unaokwenda Tabora au kurudi pwani, kama ilivyokuwa kweli karne ya 19. Tukaimaliza kwa kuididimiza yote ardhini, kwa heshima ya yule tembo wa kisa cha jina la Dodoma. Ilinoga sana. Wiki mbili baadaye watu wakaanza kuwalilia wafu wao.

Nami nikawahurumia upesi mno. Nilimrudisha Sikio Moja mchezo wa kwanza kabisa wa Nchi Mpya. Mzima wa afya, kadi ileile yenye namba na sifa zake, shoka lilelile. Miaka 400 imepita na yeye hata mvi hana. Watu walishangilia zamu moja. Zamu ya tatu alikuwa kinyago kama vinyago vingine. Mwenye mhusika, kaka yetu aliyehamia Singida, nikamtumia picha. Akajibu kwa sauti ya sekunde nne: "Huyo si wangu."

Hatua ya 1: Waulize watu, usiiulize kadi

Kadi ya Sikio Moja ilisema nguvu 5, silaha nzito, pointi 140. Niliinakili vizuri kabisa. Lakini nilipowauliza wachezaji mmoja mmoja wanakumbuka nini, hakuna aliyetaja nguvu 5. Walikumbuka kwamba kaka yule, kabla ya kurusha dadu, alikigeuza kinyago kiwaelekezee sikio zima, eti mzee asikie ombi lenu. Walikumbuka alivyowatoza hongo hata washirika wake: visoda viwili mezani, la sivyo hapigani. Dada mmoja alikumbuka siku Sikio Moja alipokataa kuiokoa ngome kwa sababu anadai kisoda kimoja, na tukapoteza vita nzima kwa kucheka.

Hicho ndicho cha kurudisha. Andika wanayokumbuka watu watatu au wanne, kisha tafuta tendo linaloweza kufanyika mezani kwa mkono. Sifa tupu kama "jasiri" au "mwenye hekima" ziache, hazichezeki.

Wakubwa wa mchezo huu nao wanalijua jambo hili. Mwaka 2015, Warhammer, mchezo wa vita vya mezani wa kampuni ya Games Workshop ya kule Nottingham, Uingereza, ilipobadilishwa kuwa Age of Sigmar, walitoa kanuni za bure ili vinyago vya zamani viendelee kutumika. Ya Settra, yule mfalme mfu asiyempigia mtu goti, ilisema mchezaji wake akipiga goti kwa sababu yoyote Settra akiwa mezani, ameshindwa papo hapo. Wengi waliona upuuzi. Mimi naona aliyeiandika alimwelewa Settra kuliko aliyemwekea namba.

Hatua ya 2: Chagua mlango anaopitia

Hapa ndipo pa kukaa na kufikiri, kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha.

Warhammer ilianza 1983. Walijenga dunia moja kwa zaidi ya miaka 30, kisha 2014 hadi 2015 wakaivunja mbele ya wachezaji, kwa hasira za wengi. Dunia mpya ilianza na mashujaa wapya na pengo kubwa walipokuwa wapendwa. Wakarudi kidogokidogo, kila mmoja kwa mlango wake, na ukiilinganisha milango hiyo unapata darasa zima.

Mlango ninaoupenda ni wa Gotrek. Huyu ni mbilikimo aliyekula kiapo cha kutafuta kifo vitani ili kufuta aibu yake, na kwa miaka mingi alishindwa kufa. Dunia ilipokaribia kwisha aliingia katika milki ya mapepo kupigana huko. Mwaka 2018 wakamrudisha katika masimulizi ya sauti: anatoka, dunia yake haipo, rafiki yake Felix aliyeapa kuandika habari za kifo chake hayupo, na wale wanaofanana na watu wa kabila lake wanamwudhi tu. Mhusika ni yuleyule, hasira ileile, ila kiapo alichokiishi hakina tena wa kukipokea. Hakuna aliyelazimika kuufuta mwisho wa zamani. Mwisho ule ndio uliokuwa jeraha lake.

Mlango wa pili ni kuwafanya miungu. Teclis wa zamani alikuwa mchawi dhaifu wa mwili, anaishi kwa dawa, na watu walimpenda kwa udhaifu huo: upepo unaweza kumwangusha, lakini akinyanyua fimbo jeshi linarudi nyuma. Katika dunia mpya ni mungu, na kinyago chake cha 2020 kinaelea angani. Kizuri mno, sitabisha. Lakini dawa zake ziko wapi? Ukimkweza mtu mpaka asihitaji kitu, umempokonya alichopendewa.

Mlango wa tatu ni kurudi nyuma kwenye wakati. Januari 2024 walitoa Warhammer: The Old World, inayoturudisha kwenye nchi za zamani, ila zaidi ya miaka 200 kabla ya mtawala Karl Franz. Ramani umeipata, vinyago vimerudi kwenye vitako vya mraba, lakini wapendwa wengi hawajazaliwa. Kama kiu ya kundi lako ni nchi, huu unatosha. Kama kiu ni mtu, utakuwa umempa mwenye kiu picha ya kisima.

Na upo mlango wa jina tu: mjukuu, au mtu baki anayejiita Sikio Moja. Utumie kwa wahusika wadogo.

Hatua ya 3: Mtoze hongo

Hii ndiyo kanuni yetu sasa, na ni moja tu: anayerudi alipe. Kila mhusika akirudi, mwenye naye anachukua kadi ya zamani na kufuta mstari mmoja kwa kalamu ya wino, mbele ya wote, na ni yeye anayechagua mstari. Mwamuzi haruhusiwi kumchagulia.

Wazo hili niliazima kwa wale mashujaa wa radi wa Age of Sigmar wanaofuliwa upya kama chuma kila wakifa, na kila wakifuliwa wanapoteza kipande cha kumbukumbu au utu wao. Tofauti ni kwamba sisi tunaacha uamuzi mkononi mwa mchezaji, na utashangaa watu wanavyochukua muda. Kaka wa Singida alipiga simu ya video, akaitazama kadi ile dakika nzima, kisha akasema tufute "nguvu 5". Shoka alibaki nalo, lakini sasa ni mzee analiburuta. Hongo anatoza vilevile.

Hatua ya 4: Pointi

Hapa nitakuwa mfupi. Anayerudi asizidi robo ya pointi za jeshi. Mcheze michezo mitatu ya majaribio kabla ya kumwandika rasmi, na katika mojawapo afe mapema, muone kama mchezo unaendelea bila yeye. Usipoendelea, punguza.

Hatua ya 5: Kinyago chenyewe

Usinunue kipya kama cha zamani kipo. Kilichopakwa rangi ya akriliki kiloweke kwenye sabuni ya maji ya vyombo siku mbili, usugue taratibu kwa mswaki laini. Supaglu ya zamani huwa imekauka na kukatikakatika, kwa hiyo mikono ikitoka usishtuke, utagundisha tena.

Cha plastiki usikitie kwenye tina ya kuchanganyia rangi ya mafuta. Narudia kwa sababu mimi nilikitia. Alikuwa Bi Mlenda, mpishi mchawi wetu, ambaye adui akimkaribia umbali wa shubiri moja anateleza na kupoteza nusu ya mwendo. Nilimwacha kwenye kopo nikaenda kula chipsi, nikarudi uso umeyeyuka kama mshumaa. Mwenye naye hakugomba. Alisema, "Basi hongo yangu nimeshalipa." Sasa Bi Mlenda anavaa kitambaa usoni, na hakuna katika Nchi Mpya anayejua chini yake kuna nini isipokuwa sisi.

Rangi ya kupulizia ipige asubuhi na mapema. Upepo wa Dodoma ukishaamka utakupa kinyago chenye chunusi za vumbi. Vumbi hilohilo ukilitaka, chota udongo mwekundu, uchekeche kwa chujio la chai, unyunyize kwenye gundi juu ya kisoda: huo ndio uwanja wako, bure. Makovu ya zamani usiyazibe.

Hatua ya 6: Siku ya kuingia

Usitangaze. Mwingize katikati ya vita, upande usiotarajiwa, na wa kwanza kukutana naye awe mhusika wa mchezaji mgeni asiyemjua. Kwetu aliyekutana naye ni binti aliyejiunga mwaka huu. Akauliza, "Huyu kibabu anataka nini?" Nikamjibu kwamba anataka visoda viwili. Meza nzima ikalipuka, na yeye hajui kwa nini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mgeni wa Chuo: Mkuu, sisi tuliojiunga karibuni hatuna kumbukumbu zenu. Kila mkirudisha mtu tunajiona tumekaribishwa msiba wa watu tusiowajua. Tufanyeje?

Jibu: Umesema kweli, na kosa ni letu. Tumeweka kikomo: mhusika mmoja wa zamani kwa wapya wanne. Tena mhusika anayerudi hahadithiwi na mwamuzi. Ukitaka kumjua, mhusika wako amuulize wa kwake mezani, naye anaweza kudanganya. Sikio Moja kesha kutoa maelezo matatu tofauti ya sikio lake.

Jongoo wa Manyoni: Je, adui naye analipa? Nataka kumrudisha Mfalme wa Nzige.

Jibu: Kaka, waovu wana kawaida yao. Nagash wa Warhammer alikuwa ameshauawa zaidi ya mara moja hata kabla dunia ile haijavunjwa, na kurudi kwake ndiko kunakomfanya atishe. Kwa hiyo adui halipi yeye, wanalipa waliomrudisha. Chagua kijiji au mhusika aliyefanya ujinga huo, umfutie yeye mstari. Ila Mfalme wa Nzige asirudi msimu mmoja na Bi Mlenda, tafadhali; waliumizana sana wale.

Mama Zabibu: Wachezaji wawili wanadai mhusika mmoja. Mmoja alimbuni, mwingine alimcheza miaka mitatu. Nani mwenye naye?

Jibu: Dada, aliyemcheza. Aliyembuni apewe heshima ya kuchagua mlango wa Hatua ya 2, aliyemcheza afute mstari. Wakishindwa kuelewana, abaki kaburini mpaka waelewane. Nimewahi kuwapa wote wawili nusu nusu, sitarudia.

Kisoda Chekundu: Naweza kuchonga vinyago vya Gotrek na wenzake niuze pale sokoni Majengo?

Jibu: Hapana, kaka. Majina na sura zile ni mali ya kampuni. Chonga mbilikimo wako mwenye jina lako na kisa chako. Wa kuchezea nyumbani ni jambo lingine.

Binti Kondoa: Na Mpiga Zeze? Kila mtu anamkwepa.

Jibu: Mdogo wangu, tunamkwepa kwa sababu mwenye naye alifariki. Wako waliopendekeza mtu mwingine amcheze, na nia yao ni njema. Lakini kufuta mstari ni kazi ya mwenye naye, na hapa hayupo wa kuufuta. Kadi yake nimeiacha nzima. Kigoda kile kidogo cha mti kilicho chini ya mbuyu katikati ya meza ni chake. Hakina kanuni yoyote, ila nimeona wachezaji wanazungusha vikosi vyao pembeni hata pale njia fupi inapopita juu yake. Sikuwaambia.

Wa Singida: Picha ya juzi nimeiona. Sikio lililokatwa ni la kushoto. La mzee wangu lilikuwa la kulia. Mmemrudisha nani nyie?

Jibu: Nilipiga kwa kamera ya mbele, kaka, imegeuza. Ni la kulia. Njoo Jumamosi umkague mwenyewe.

Wa Singida: Nitakuja. Na visoda vyangu viwili alivyotoa yule binti viko wapi?