Farasi anakimbilia viunzi kama mwehu: lijamu gani umtie?

Swali hili naulizwa karibu kila wikiendi. Mtu ana farasi mzuri, mpole kabisa akiwa zizini, lakini akiona kiunzi tu anaondoka kama boda aliyeona trafiki mbele, mikono inavutwa mpaka mabega yanauma, na mwenye farasi anataka nimtajie lijamu (kile chuma cha mdomoni kinachoshikwa na hatamu) kali kuliko zote anunue kesho. Ngoja kwanza.

Kabla ya kugusa duka lolote, mwangalie farasi mwenyewe. Meno yamekaguliwa lini? Farasi mwenye jino lenye ncha au kidonda ndani ya shavu anakimbia maumivu, na wewe ukivuta ndio unamuongezea. Mgongo je, tandiko linamkaa au linambana mabegani? Halafu chakula, hapa kwetu wengi tunamlundikia nafaka farasi anayetoka zizini saa moja kwa siku, sasa hizo nguvu aende nazo wapi? Na nikwambie ukweli hata kama utanuna: mara nyingi mkono wa mpandaji ndio tatizo, farasi akiruka anachapwa mdomoni, akitua anachapwa tena, basi anajifunza kumaliza kiunzi haraka ili yaishe.

Ukishapita hapo na bado anavuta, usiulize lijamu gani ni kali. Uliza kichwa chake kinaenda wapi akianza kukimbia. Mwombe saisi, yule anayetunza farasi, akurekodi kwa simu ukiwa unaruka, utaona.

Kama anashusha kichwa kifuani na kukulalia mikononi, uzito wote mbele, huyo anahitaji kitu cha kumwinua kidogo. Hapa watu wengi hutumia gegi, ile ya pete kadhaa zilizopangwa wima. Hatamu ukiifunga kwenye pete kubwa inafanya kazi karibu kama snafoli ya kawaida, yaani lijamu rahisi ya pete moja kila upande, ukiishusha pete ya chini nguvu inaongezeka na utosi unabanwa kupitia mkanda wa kichwani. Anza pete kubwa, tafadhali. Mimi nilianza chini kabisa kwa sababu ya haraka zangu, na farasi wangu baada ya siku mbili hakukimbilia viunzi tena, alikataa kuviruka kabisa. Ilinichukua wiki nyingi kumrudisha.

Kwa huyo anayelala mkononi kuna pia Waterford, ni kama mnyororo wa vishanga vya chuma, unapinda kila upande kwa hiyo hapati kitu kigumu cha kuegemea. Nzuri kwa mkono mtulivu. Mkono unaotingishika usiuguse, na usiuburute kulia kushoto mdomoni.

Anayerusha kichwa juu ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wanakosea sana. Gegi kwake ni kumwagia petroli kwenye moto, itamwinua zaidi. Jaribu snafoli ya vipande vitatu, yaani ile yenye kiungo kidogo laini katikati, kwa sababu ya vipande viwili kwa farasi wengine inakunja ulimi na hata kugusa kaakaa. Ongeza matingeli iliyofungwa vizuri, ule mkanda wa kifuani unaozuia kichwa kupanda sana. Akiwa bado ana nguvu kukushinda, pelamu, ile lijamu yenye mikono ya chuma pembeni, iliyo na chuma cha mdomoni kilichonyooka inasaidia: haichezichezi mdomoni, na ule mnyororo wa kidevuni unamwambia ashushe kichwa. Mnyororo ulale bapa, usijisokote, uanze kubana pale mkono wa lijamu ukiwa umerudi nyuma kama nyuzi 45. Ukiubana muda wote farasi anazoea tu, na umepoteza breki yako.

Kuna wa tatu, anayefungua mdomo na kupitisha ulimi juu ya lijamu. Huyo nadhani saizi haimkai, au chuma ni kinene kuliko nafasi iliyopo. Lijamu nene si lazima iwe laini, kama ulimi wake ni mnene na kaakaa liko chini itamjaa tu.

Saizi pima hivi: pitisha kamba safi mdomoni pale lijamu inapokaa, weka alama kwenye kona za midomo, pima, ongeza kama nusu sentimita kila upande. Zinauzwa kwa inchi, 5 ni kama sentimita 12.5, na 5 na nusu ni 14. Sisi hapa Uganda nyingi tunaagiza Nairobi au mtu anatuletea kutoka Uingereza, kwa hiyo ukikosea kipimo ni hela imekwenda na kurudisha ni shida, bora uazime kwa jirani ujaribu kwanza. Na usimpelekee fundi wa kuchomelea wa Katwe, kule Kampala, akuongezee urefu, wanajua mageti na masigiri sana, lakini kovu moja dogo la kulehemu litakata mdomo wa farasi.

Ukiipata, usiende nayo moja kwa moja kwenye viunzi. Siku mbili tatu panda nayo tambarare, simama, ondoka, zunguka, mpaka aache kuitafuna kwa hasira. Kisha kiunzi kifupi kwa mwendo wa troti, na ulaze mti mrefu mwembamba chini mita 2.7 kabla yake, ndio hatua zako tatu kubwa. Ule mti unamlazimisha aangalie miguu yake. Akiharakisha, geuza duara kabla hajafika, bila ugomvi. Akitua, simamisha kwenye mstari uleule, legeza hatamu, mpapase shingo. Akianza kusikiliza kwa wiki kadhaa, rudisha ile lijamu yake ya zamani siku moja uone.