Kupandikizwa konea: kuanzia simu ya hospitali hadi uzi wa mwisho

Assalam aleikum na hamjambo nyote. Wiki hii wanachama kadhaa wameniuliza huo upasuaji ukoje, kwa hiyo naandika somo moja lisomwe na wote. Mimi si daktari. Nilipandikizwa konea katika jicho la kulia kwa sababu ya keratokonasi, yaani konea inakonda na kuchongoka mbele mithili ya koni, hata taa moja ya barabarani unaiona tatu. Tangu utotoni nilikuwa na mzio, macho yakiwasha nayafikicha kutwa. Wazazi, mtoto wa namna hiyo msimwambie "acha" tu. Mpelekeni apimwe na apewe dawa ya kuzuia muwasho, kwani kufikicha kunaiumiza konea.

Konea ni kile kioo angavu cha mbele ya jicho. Katikati unene wake ni kama nusu milimita. Jicho zima halibadilishwi, na rangi ya jicho lako inabaki ileile.

Hatua ya 1: Kungoja
Konea hutoka kwa marehemu. Kabla ya kukufikia, hupimwa ukimwi na homa ya ini, kisha huhifadhiwa katika maji maalumu yenye ubaridi, kwa kawaida siku zisizozidi 14. Ndiyo maana simu huja ghafla. Mimi nilipigiwa Jumanne nikiwa Mombasa, Alhamisi asubuhi natakiwa Nairobi. Weka nauli kando mapema, na mtu wa kukusindikiza ajulikane.

Mama alihofu kwamba wananijaribia. Daktari akamweleza kwamba upasuaji wa kwanza uliofanikiwa ulifanywa na Eduard Zirm tarehe 7 Desemba 1905, mjini Olomouc, kwa kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa. Mama akatulia.

Hatua ya 2: Thieta
Wengine hupewa nusu kaputi, wengine sindano ya ganzi pembeni mwa jicho. Nilipigwa ganzi: nikasikia sauti na maji yakitiririka shavuni, maumivu hapana. Daktari hukata duara la konea mbovu, upana wa milimita 8 hivi, akaliziba kwa duara la konea mpya na kulishona kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Zangu zilikuwa 16. Ukisogea karibu na kioo ukamulika tochi, unaziona zimejipanga kama miale ya jua.

Hatua ya 3: Bandeji inapotolewa
Hapa wengi huvunjika moyo. Kesho yake niliona kama natazama kupitia nailoni yenye mvuke, na jicho linakwaruza kama lina mchanga. Ndivyo linavyoanza. Kuona kunarudi kwa miezi, si kwa siku, na huenda bado ukahitaji miwani au lenzi ngumu.

Hatua ya 4: Matone
Ndugu zangu, upasuaji ulichukua kama saa moja na nusu. Kazi yenyewe ni hii. Mwanzoni nilitia tone la steroidi kila baada ya saa mbili, simu ikinikumbusha, kisha yakapunguzwa kidogo kidogo kwa zaidi ya mwaka. Matone haya ndiyo yanayouzuia mwili kuikataa konea ngeni. Mwezi wa tano nikajiona nimepona, nikayaacha siku nne. Siku ya tano jicho likawa jekundu na mwanga wa dirishani ukawa unachoma. Nilikimbizwa kliniki, nikarudishwa kwenye tone kila saa, mchana na usiku. Konea ilinusurika. Usiyaache bila kuambiwa, hata jicho likiwa zuri namna gani. Na kwa kuwa steroidi huweza kupandisha presha ya jicho, kila miadi upimwe presha hiyo.

Usiku lala na kikinga cha plastiki juu ya jicho. Mimi nilikuwa na mtoto wa miaka miwili kitandani, na kidole chake kimoja kingetosha kufumua nyuzi.

Hatua ya 5: Nyuzi
Hutolewa moja moja, mara nyingi baada ya mwaka, kwa matone ya ganzi tu, umekaa kitini. Uzi ukikatika wenyewe utahisi kitu kinachoma: nenda siku hiyohiyo, maana huingiza vijidudu.

Maswali ya wanachama

*Dada, na udhu je? Na kusujudu?*
Kliniki walinikataza maji ya bomba kuingia jichoni, kuinama na kubeba mizigo katika wiki za mwanzo. Niliswali kitini. Kuhusu udhu nilimuuliza sheikh wetu kabla ya safari, akanielekeza kutayamamu. Nawe muulize wako mapema, usingoje bandeji.

*Shikamoo. Mama yangu konea ilivimba baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Atabadilishiwa tabaka la ndani tu. Anaweza kurudi Muscat kwa ndege wiki hiyohiyo?*
Marahaba mwanangu. Kwa upasuaji huo huachwa kiputo cha hewa au gesi ndani ya jicho ili kiligandamize tabaka jipya, na mgonjwa hulala chali kadiri atakavyoagizwa. Asipande ndege mpaka daktari athibitishe kwamba kimekwisha, kwa sababu angani hutanuka na kupandisha presha ya jicho. Msikate tiketi ya kurudi kabla ya jibu hilo.

*Imepita miaka mitatu, kaka yangu anaona vizuri. Hatari imekwisha?*
Haijaisha. Mwili unaweza kuikataa konea hata baada ya miaka. Mfundishe dalili nne: wekundu, mwanga kuchoma, kuona kufifia, maumivu. Hata ikiwa moja tu, aende. Ikianza Ijumaa usiku, aende Ijumaa usiku.