Audio ikiingia usiku: namna ninavyoipima kabla ya kuirusha

Jumapili ya tarehe 23 Mei 2021, siku moja baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, nilikuwa bado mwanafunzi wa uandishi wa habari hapa Goma. Ardhi ilitetemeka kila mara, sahani za mama zikagongana kabatini. Saa nne usiku ikaingia audio ya WhatsApp ya sekunde arobaini. Mwanaume anahema, anasema "mkubwa mmoja wa OVG", kituo kinachochunguza volkano zetu, amemwambia gesi ya Ziwa Kivu itapasuka kabla ya saa tisa, watu wakimbie sasa hivi. Niliirusha katika makundi matatu. Jirani yetu wa Katoyi, mzazi wa mtoto wa wiki mbili, aliisikia kwenye simu ya mume wake. Akafunga mtoto mgongoni na kushika njia ya Sake gizani. Saa tisa ikapita, ziwa limetulia. Alirudi Jumanne, mtoto anakohoa.

Leo niko redioni, na wanafunzi wanaokuja kwetu kufanya staji nawaanzishia hapo.

Audio usiisikilize tu: iandike, neno kwa neno, kwenye daftari. Kisha piga mstari chini ya kila mtu anayetajwa. Katika ile yangu, mstari ungeangukia "mkubwa mmoja". Mkubwa gani? Anafanya kazi gani pale? Alisema lini? Mwenye sauti hakuona kitu, aliambiwa, na mimi niliambiwa na mtu aliyeambiwa. Angalia pia saa. "Sasa hivi" haina tarehe, na audio ya mwaka jana bado inasema "sasa hivi". Kama juu ya ujumbe kuna mishale miwili, imekwisha kupita mikononi mwa watu wengi na aliyekutumia si mwenyewe.

Baada ya hapo, panda ngazi. Muulize aliyekutumia: "Umeipata kwa nani?" Ukipewa jina, muulize na huyo. Mara nyingi mimi hufika kwa mtu wa tatu, kisha njia inakatika: "Niliiona tu kwenye kundi." Hapo ndipo unapiga simu kwa anayepaswa kujua. Habari ya volkano ni ya OVG. Habari ya kartie, yaani mtaa, anza na shefu wa kartie, halafu tafuta wakaaji wawili wasiojuana. Wakijuana, huenda umesikia mtu mmoja mara mbili.

Linganisha audio ile na tangazo la alfajiri ya tarehe 27 Mei. Gavana wa kijeshi alisema mwenyewe, kwa sauti yake, kwamba kartie 10 kati ya 18 za mji zihame, akazitaja kwa majina: Majengo, Virunga, Mapendo na nyingine. Watu waliambiwa waelekee Sake. Lilitisha kuliko audio yangu, lakini lilikuwa na mwenyewe, na kila sehemu yake uliweza kuiuliza.

Komunike za uongo, yaani matangazo rasmi ya kughushi, zinahitaji jicho lingine, maana zina muhuri, na muhuri unatutia woga. Usipokee picha ya simu iliyokatwa pembeni, omba ukurasa mzima. Soma namba ya barua, mahali na tarehe, kisha cheo cha aliyetia sahihi. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, kwa hiyo barua ya mwezi uliofuata yenye sahihi ya gavana wa kiraia inajishtaki yenyewe. Halafu ipigie simu ofisi, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Namba iliyoandikwa kwenye barua hiyohiyo usiiguse.

Kwa video, tazama barabara. Kongo magari yanapita kulia. Kama yanapita kushoto, huenda ni Uganda, Kenya au Tanzania, ila Goma siyo. Picha ya wakimbizi ipitishe kwenye Google Lens, chombo cha kutafuta picha mtandaoni, kabla ya kulia nayo, kwani mateso ya 2012 mtu anaweza kuyarudisha kama ya leo asubuhi.

Sasa sheria, na hapa naomba usiruke. Katiba ya 2006 inatulinda: kifungu cha 23 kinatoa uhuru wa kusema, cha 24 haki ya kupata habari na uhuru wa vyombo vya habari. Lakini tarehe 13 Machi 2023 zilitiwa sahihi sheria mbili, moja ya uhuru wa habari, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996, na nyingine ya mambo ya dijitali. Kifungu cha 360 cha hii ya pili kinamwadhibu anayeanzisha au anayepitisha habari ya uongo dhidi ya mtu kwa njia ya mtandao: jela mwezi 1 hadi 6, faini ya faranga 500.000 hadi 1.000.000, au adhabu moja kati ya hizo. Soma tena neno "anayepitisha". "Nimeshea tu" haikuokoi. Na kifungu cha 199bis cha sheria ya adhabu kinamshika anayeeneza kwa kujua uvumi wa kutia watu hofu na kuvuruga nchi.

Mimi naona vifungu hivi ni hatari, kwa sababu vinamkamata hata mtu wa kazi. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa tarehe 8 Septemba 2023 na akatoka gerezani Machi 2024, kwa kesi iliyotokana na makala ambayo hata haikuwa na sahihi yake. Ndiyo maana daftari lako lihifadhi: nani ulimpigia, saa ngapi, alijibu nini. Jina la aliyekuomba umfiche liandike kwingine.

Ukikosea, rudi katika makundi yaleyale uliyorushia, siku hiyohiyo. Anza na ukweli, uongo usiupe mstari wa kwanza. Kwa mfano:

"Soko la Virunga liko wazi. Nimefika saa mbili asubuhi, nimezungumza na wauzaji wawili wa unga. Picha ya moto niliyotuma jana si ya hapa. Nilituma bila kuuliza, naomba radhi. Kama ulimtumia mtu ile, mtumie na hii."