Filta ya Kalman kwenye tangi la maji, hatua kwa hatua

Funga kihisi cha HC-SR04, kinachopima umbali kwa mwangwi wa sauti, chini ya mfuniko wa tangi na kitakupa kimo cha maji (kwa sentimita) kinachorukaruka: 112.0, 113.6, 111.4, halafu ghafla 141 kwa sababu mwangwi umegonga bomba la kuingizia maji. Pampu ikiongozwa na namba hizo, relei (swichi inayoiwasha na kuizima) itagongagonga usiku kucha. Wengi hukimbilia wastani wa vipimo kumi vya mwisho. Namba zinatulia kweli, lakini pampu ikiwa inajaza, wastani huo unabaki nyuma ya maji. Filta ya Kalman, yaani hesabu inayochanganya utabiri na kipimo, inatuliza kelele (kurukaruka huko) bila kuchelewa hivyo, kwa kuwa inaambiwa pampu imewashwa.

Rudolf Kalman aliichapisha mwaka 1960, na Stanley Schmidt wa kituo cha Ames cha NASA akaiendeleza kwa ajili ya urambazaji wa Apollo, safari za kwenda mwezini. Ukoo huo usikutishe. Kwa tangi moja hesabu nzima ni mistari mitano, na hakuna matriksi hata moja.

Hatua ya 1: Andika unachokijua kabla ya kupima

Chukua tangi la wima lenye kipenyo cha mita 1. Kila sentimita ya kimo ni lita 7.85. Pampu ya lita 20 kwa dakika inapandisha maji sentimita 2.55 kwa dakika, yaani 0.42 kila sekunde 10. Tutapima kila sekunde 10. (Kwa mwendo huo, ule wastani wa vipimo kumi ungebaki nyuma kwa karibu sentimita 1.9.)

Hatua ya 2: Pima kelele, usiikisie

Zima pampu, funga koki, acha maji yatulie, kisha chukua vipimo 200. Tafuta wastani. Toa wastani huo kwenye kila kipimo, zidisha kila jibu kwa lenyewe, halafu tafuta wastani wa majibu hayo. Hiyo ndiyo variansi, na kwenye filta inaitwa R, kipimo cha kelele ya kihisi. Hapa nitatumia 0.64, yaani kelele ya kama sentimita 0.8. Usinakili milimita 3 za kwenye karatasi ya kihisi. Tangi lina kuta za mviringo zinazorudisha mwangwi kila upande.

Sasa jambo ambalo miongozo mingi hulipita. Filta inaondoa kelele inayoyumba juu na chini ya ukweli. Kosa linaloegemea upande mmoja haliondoi hata chembe. Linapita humo likiwa limenyooshwa vizuri. Kwenye tangi la juani kosa hilo lipo kila siku, nalo ni joto. Programu nyingi zimeandikwa kwa mwendo wa sauti wa mita 343 kwa sekunde, ambao ni wa hewa yenye nyuzi 20. Ndani ya tangi saa nane mchana hewa ikifika nyuzi 38, sauti inakwenda mita 354. Kama maji yako sentimita 100 chini ya kihisi, utasoma 96.8, na tangi litaonekana lina lita 25 zaidi ya zilizomo. Hiyo ni ndoo kubwa na zaidi. Weka kihisi cha joto kama DS18B20 karibu na mfuniko, na utumie mwendo = 331.3 + 0.606 × nyuzi za Selsiasi. Rekebisha hili kabla kipimo hakijaingia kwenye filta.

Hatua ya 3: Chagua Q

R inapimwa, lakini Q inataka akili ya fundi. Ni kiasi ambacho utabiri wako unaweza kukosea ndani ya sekunde 10: umeme umepungua nguvu, au mtu kafungua bomba la jikoni. Bomba la lita 8 kwa dakika linashusha maji sentimita 0.17 kila sekunde 10, kwa hiyo kosa la 0.2 ni la haki. Q = 0.2 × 0.2 = 0.04. Ukiiweka ndogo mno, filta inakuwa kaidi, inang'ang'ania utabiri wake huku maji yakiisha. Ukiiweka kubwa mno, inameza kila kelele.

Hatua ya 4: Mistari mitano

```
h = h + 0.42 * pampu;   // 1 ikiwaka, 0 ikizimwa
P = P + Q;
K = P / (P + R);
h = h + K * (z - h);
P = (1 - K) * P;
```

z ni kimo kilichopimwa, h ni makadirio, P ni shaka yetu juu ya h, na K ni kiasi tunachokiamini kipimo, kati ya 0 na 1. Fanya raundi mbili kwa mkono, pampu ikiwaka. Anza na h = 100 na P = 400, maana hatujui kitu. Kipimo cha 112.0 kinaleta K ya 0.998, na h inaruka hadi 111.98, filta imekiamini kihisi karibu chote. P inaanguka hadi 0.64. Raundi ya pili utabiri ni 112.40, kipimo 113.6, K 0.515, na h inakuwa 113.02. Baadaye K inatulia kwenye 0.22 na kubaki hapo.

Hatua ya 5: Mlinzi wa mlangoni

Kabla ya mstari wa tatu, linganisha ukubwa wa (z − h), bila kujali alama ya kutoa, na mara tatu ya kipeuo cha pili cha (P + R). Filta ikishatulia, mpaka huo ni kama sentimita 2.7. Kipimo kilichozidi hapo, kama ile 141, kiruke na ubaki na utabiri. Vikirukwa sita mfululizo, rudisha P kwenye 400, kwani huenda maji ndiyo yaliyobadilika.

Hatua ya 6: Soma makosa yake

Hifadhi (z − h) ya kabla ya kusahihisha kwa siku nzima. Wastani wake unatakiwa uwe karibu na sifuri. Tuseme bila mtu kuchota maji unakuta −0.3 pampu ikiwaka na sifuri ikizimwa. Zidisha −0.3 kwa K ya 0.22: pampu inapandisha sentimita 0.066 pungufu ya ulivyoiambia filta, yaani inatoa karibu lita 17 kwa dakika, siyo 20. Hakikisha kwa ndoo na saa, kisha badilisha ile 0.42.