Umewekwa kwenye bodi ya faundesheni? Kazi yako ni hii

Huku Bongo wengi tunaingia bodi kwa simu tu, mwanzilishi anakupigia "kaka naomba nikuweke kwenye bodi", unatoa kopi ya NIDA na pasipoti saizi, unasaini fomu imeisha, alafu unaitwa mara moja kwa mwaka chai na sambusa, posho ya kikao, picha ya pamoja. Jamani hiyo sio bodi. Kama wadhamini wamesajiliwa RITA, yaani wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, kwa sheria ya wadhamini, Sura 318, basi nyie wadhamini ndo mnakua chombo kinachoshika mali, kina jina lake na muhuri wake, kinaweza kushtaki na kushtakiwa.

Anza na katiba. Isome yote usisimuliwe. Tafuta nani anateua na kuondoa wajumbe, akidi (wajumbe wanaotosha kikao kufanyika) ni wangapi, nani anasaini benki, na mali inaenda wapi faundesheni ikifungwa. Pengine kuna wadhamini na kuna bodi ya wakurugenzi, vyombo viwili, ujue wewe uko wapi maana kazi zinatofautiana.

Bodi haiendeshi ofisi. Kazi yenu ni kupitisha mpango na bajeti, kumwajiri mkurugenzi mtendaji na kumpima, kumchagua mkaguzi wa nje na kuhakikisha ripoti zinafika kwa wakati kwa mamlaka iliyowasajili. Dereva gani aajiriwe au saruji inunuliwe duka gani, hayo muachieni mtendaji, ukianza kuyaingilia huna tena uso wa kumhoji.

Sasa pesa, hapa usiwe na haraka. Ripoti ya mhasibu peke yake haitoshi hata kama imepangwa vizuri, omba na steitimenti ya benki yenyewe, uziweke mezani zote mbili uzisome mstari kwa mstari. Angalia keshi inayotolewa kaunta mara kwa mara, masurufu (hela anayopewa mtu mkononi kwa ajili ya kazi) ambayo hayajarejeshwa miezi na miezi, hela ya mradi wa maji iliyolipa kodi ya ofisi. Angalia na malipo yaliyokatwakatwa, tuseme mtendaji mwisho wake kuidhinisha ni milioni 5, alafu wiki moja unakuta fundi wa madawati kalipwa 4,800,000 mara tatu, hapo unauliza na unataka kuona risiti za EFD na madawati yenyewe yako shule gani. Uliza pia makato ya wafanyakazi, PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, inatakiwa TRA kabla au tarehe 7 ya mwezi unaofuata na NSSF nayo ina muda wake, faundesheni nyingi zinakata kwenye mshahara alafu hela haifiki, na mfanyakazi anakuja kugundua siku anadai mafao yake. Inauma sana.

Kiwanja na gari usiambiwe tu vipo. Omba uone hati na kadi, jina liwe la wadhamini waliosajiliwa, sio la mwanzilishi wala mtoto wake, maana siku mzee akifariki ndugu watakuja na mirathi na hamtakua na cha kuonyesha.

Shemeji wa mwenyekiti akitaka tenda, mwenyekiti aseme mapema, atoke nje wakati wa maamuzi, na iandikwe kwenye muhtasari. Na wewe ukipinga jambo hakikisha muhtasari umeandika hivyo kabla hujausaini.

Ngumu kuliko zote ni kumuuliza mwanzilishi, hasa akiwa mtu mzima aliyetoa hela yake mfukoni, utaonekana huna adabu. Dawa yake, fanyeni taarifa ya fedha na steitimenti iwe ajenda ya kudumu kila kikao, kikao kila miezi mitatu, hapo hamna anayeonekana kunyooshewa kidole kwa sababu ni utaratibu wa wote, na makaratasi yatumwe wiki moja kabla, sio kugawiwa mlangoni.

Ukiona umenyimwa nyaraka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, andika barua ya kujiuzulu upate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, alafu fuatilia mpaka jina lako liondolewe RITA na saini yako itolewe benki, kujitoa kwenye grupu la WhatsApp hakukutoi kwenye bodi.