Mishumaa ya moto na ya betri kwenye spa: wapi uwashe ipi

Swali naloulizwa sana na wenzangu wanaofungua spa ndogo hapa Kampala ni hili, ninunue mishumaa ya kweli au hii ya betri, na wengi wanataka jibu la neno moja. Mimi huwa nawaambia lala kwanza. Yaani panda kitanda chako mwenyewe cha masaji, lala kifudifudi, uso kwenye lile tundu, kaa hapo dakika tano na mishumaa yote imewashwa. Unaona nini? Sakafu. Labda na vidole vya miguu vya anayekukanda. Ile mishumaa kumi na mbili uliyopanga vizuri kwenye shelfu ili picha itoke poa, mteja haoni hata mmoja, na akigeuka chali unamfunika macho na kitaulo.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria nta na betri jua kwanza nani anatazama, na anatazama akiwa wapi. Mimi spa naigawa mara mbili tu. Pale mteja ameketi macho wazi na mtu wa kazi yuko karibu, risepsheni, pale anaposubiri na chai yake ya tangawizi, hapo moto wa kweli unalipa. Pale amelala, amefumba macho, au ameachwa peke yake na maski ya uso dakika ishirini, hapo ni betri, sijadili.

Sijadili kwa sababu ilishanipata. Nilikuwa nimeajiriwa spa moja, sitaitaja, mteja amelala chali anangoja maski ikauke, rasta zake ndefu zimening'inia nje ya kitanda upande wa kichwa, na mimi nimeitwa nje kusaini mzigo wa mafuta ulioletwa na boda. Pale chini ya rasta kulikuwa na kistuli na mshumaa wa glasi, niliuweka mwenyewe kwa mkono wangu. Niliporudi mlangoni nikasikia harufu, na kama umewahi kuchoma ncha za rasta kwa kiberiti unaijua, ile ya plastiki tamu tamu. Ncha tatu zilikuwa zimeyeyuka zikashikana kama tone la gundi jeusi. Hakuungua, Mungu mkubwa, tukakata, tukamsuka upya bure, lakini mikono yangu ilitetemeka mpaka jioni.

Nywele za kusukia nyingi ni sintetiki, zinayeyuka kabla hata hujaona moto. Ongeza pale taulo zenye mafuta, shuka za kutupa ambazo nazo ni plastiki tu, sanitaiza iliyojaa alkoholi, na asetoni ya kutolea rangi ya kucha ambayo mvuke wake peke yake unashika moto hata chupa ikiwa pembeni. Chumba cha kucha usiweke mshumaa wa moto kabisa, hata kama ni bethidei ya mteja.

Haya, tuanze na za betri maana hapo ndo watu wanatupa hela. Kikuubo, lile soko la jumla la hapa Kampala, zimejaa, na nyingi hazifai. Usinunue boksi limefungwa, mwambie muuzaji awashe mbili pamoja, alafu sogeza mgongo wa mkono wako karibu na mwanga. Ngozi yetu chini ya mwanga wa kibuluu inapauka, inakuwa ya majivu kama hujapaka mafuta wiki nzima, na mteja wako akijiona kwenye kioo akiwa hivo hatajua kosa ni taa, atajua tu hajapendeza. Ukiona majivu rudisha. Rangi ya mwanga inapimwa kwa Kelvin, namba ikiwa ndogo mwanga ni wa joto zaidi, na wa mshumaa wa kweli uko kwenye 1,900 hivi, kwa hiyo kama boksi lina namba tafuta kati ya 1,800 na 2,200, ukikuta 6,000 hio ni taa ya duka la simu.

Alafu angalia zinavyopepesa. Za hovyo zinapepesa kwa mpigo uleule, zote pamoja, kama indiketa ya gari limeharibika barabarani, na ukishaiona huwezi tena kuacha kuiona. Nzuri kila moja ina wazimu wake. Kuna zile zenye kiulimi cha plastiki kinachotikisika, ndani kuna koili na sumaku inayokisukuma, hizo ukisimama mita mbili unadanganyika kabisa, ila ni ghali, chukua mbili tatu za kuweka mbele na nyingine ziwe za kawaida zilizofichwa nyuma ya chungu cha matundu au glasi ya ukungu, maana kinachoharibu ni kile kitaa chenyewe kuonekana, mwanga wake ukipita kwenye kitu kwanza hakuna atakayeuliza.

Betri nazo zina mambo. Vile vidogo vidogo vinatumia betri ya duara bapa, CR2032, na mimi sivipendi, kwanza zinaisha haraka, pili akina mama wanakuja na watoto. Mtoto akimeza hio betri inaweza kumchoma ndani ya koo la chakula kwa masaa mawili tu, sio kitu cha kusema tungoje itoke, ni hospitali saa hiohio. Kama unazo tayari hakikisha kifuniko kinafungwa kwa skrubu. Nunua zinazotumia AA au AAA, na kabla hujakimbilia betri za kuchaji jaribu kwanza moja, kwa sababu ya kawaida ni volti 1.5 na ya kuchaji ni 1.2, ukiweka mbili unapata 2.4 badala ya 3, na LED ya rangi hii ya joto mara nyingi inataka karibu 3. Ndo maana mtu anapiga simu ati mishumaa imefifia na betri nimechaji usiku kucha. Za betri tatu hazina shida hio, wala zile za kuchaji kwa waya wa simu.

Taima nyingi zinawaka masaa 6 na kulala 18, alafu kesho zinawaka tena saa ileile. Spa ikifungua saa nne asubuhi mpaka saa mbili usiku masaa 6 hayatoshi, kwa hiyo nilizigawa makundi mawili, la kwanza nililiwasha saa nne, la pili saa kumi jioni, linapozima moja lingine linashika zamu. Ukiwasha zote asubuhi utakuja kushtuka saa kumi chumba giza na mteja ndo kwanza anavua viatu.

Sasa ile ya chini ya kitanda, hii naipenda mpaka basi. Chukua bakuli pana la udongo, maji kidogo, petali za bougainvillea zile zinazomwagika bure kwenye fensi, na mshumaa mmoja wa betri wa aina isiyoingia maji, weka sakafuni sawasawa na tundu la uso. Mteja akilaza uso, badala ya kutazama tailizi anaona mwanga unatembea juu ya maji. Kuna mama mmoja aliniambia alianza kuhesabu petali, akafika saba akalala. Mshumaa wa moto huwezi kuuweka hapo, joto na moshi vinapanda moja kwa moja kwenye pua na nyusi za mtu.

Tukija kwenye moto wa kweli, usiniletee ile mishumaa myeupe myembamba ya dukani. Hapa kwetu mshumaa ule maana yake umeme umepotea au Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, imeisha, mteja akiuona kitu cha kwanza anaangalia simu yake ina chaji ngapi. Na nyekundu nyingi kwa pamoja pia acha, kuna ssebo, yaani bwana mmoja, aliingia siku moja akasimama mlangoni akaniuliza, nnyabo (mama), hapa ni spa au ni ssabo, yaani kibanda cha mizimu? Tulicheka, lakini kesho yake nilizitoa.

Chukua mnene wa kwenye glasi. Wa parafini, ambayo inatokana na mafuta ghafi, ndo wa bei rahisi na unabeba harufu vizuri. Wa soya unayeyuka kwa joto la chini zaidi na mara nyingi unaenda taratibu, ila unatoka nje na bei inauma. Mimi moyo wangu uko kwa nta ya nyuki, kwetu West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, wafugaji wa nyuki ni wengi na nta ipo, inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 kwa hiyo hata chumba kikipata jua haipindi, na ina harufu yake ya asali ya mbali bila kuongezwa kitu.

Siku ya kwanza kuuwasha uache mpaka nta yote ya juu iyeyuke ifike ukingoni mwa glasi, hesabu kama saa moja kwa kila sentimita mbili na nusu za upana. Ukizima mapema unachimba shimo katikati, na kila siku utambi unazama kwenye shimo lilelile mpaka unajizima na nusu ya nta imebaki pembeni, hela hio. Kabla ya kuwasha kila mara kata utambi ubaki milimita 6 hivi, mrefu unatoa masizi kama tadooba, kile kibatari cha mafuta ya taa. Usizidishe masaa manne, usiuweke kwenye njia ya feni au dirisha. Nilihamia chumba kimoja chenye silingi nyeupe ya jipsamu, juu ya kona moja kuna duara jeusi kama chini ya sufuria, aliyenitangulia aliweka mshumaa kwenye shelfu ya juu miaka, feni ikiupepea. Nilipaka rangi mara mbili na bado lilitokeza.

Na joto usilisahau. Kile kimshumaa kidogo cha kwenye kibati cha alumini kinatoa joto la karibu wati 40, washa kumi kwenye chumba kidogo kilichofungwa ni kama umeingiza hita, na mteja wako amefunikwa taulo mbili. Kwa mwezi wa pili hapa Kampala hio sio masaji, hio ni adhabu.

Pale risepsheni mimi naweka mmoja wa kweli mbele, ndani ya glasi ndefu juu ya sinia lenye mchanga, na tano za betri nyuma yake. Jicho linaona moto mmoja unaocheza, linasikia ile asali, basi zilizobaki linaziamini bila kuuliza. Kitambaa, maua makavu na karatasi vikae mbali, walau sentimita 30, na juu yake pasiwe na kitu.

Harufu vyumbani itoke kwa difyuza ya umeme, sio zile chetezo za mafuta zenye kimshumaa chini, maana hapo umerudisha moto kwa mlango wa nyuma. Matone matatu manne ya mchaichai au mkaratusi yanatosha, na muulize kwanza mteja kama ana pumu au mimba. Mteja akitaka ile masaji ya mshumaa, ya kumwagiwa mafuta ya vuguvugu, tumia iliyotengenezwa kwa kazi hio, na siagi ya shea ya kaskazini mwa Uganda inafaa sana kuchanganyia kwa sababu ni laini na inayeyuka karibu na joto la mwili. Washa, yeyusha, zima, jaribu kwenye mkono wako kwa ndani ndo umwage. Nta ya mshumaa wa kawaida usimmwagie mtu.

Umeme ukikatika, na utakatika, za betri hazijui. Muziki ukitoka kwenye spika iliyochajiwa mteja anaendelea kukoroma na nje jenereta za majirani zinanguruma. Wafanyakazi wako waambie wazi, giza likiingia hakuna kuwasha kiberiti koridoni, kila mtu anyanyue mshumaa wa betri ulio karibu naye.

Moto wa nta ukikushinda usimwagie maji, nta ya moto ikikutana na maji inaruka na kusambaza moto, funika na sinia au mchanga. Usiku wa kufunga nazima kwa kifuniko cha glasi, sipulizi, ukipuliza nta inaruka na moshi unalala kwenye mapazia. Nagusa glasi zote kwa mgongo wa mkono, zikiwa zimepoa nainua kila mmoja kutazama chini, ikibaki nta ya kama sentimita moja na kidogo naitoa kazini, nawapelekea dada zangu nyumbani wanayeyusha wanapakia nyuzi za kushonea vikapu.