Usimbloki kabla hujarekodi

Kwa wenzangu wa Mombasa: aliyekutumia vitisho WhatsApp, au aliyekula deposti yako ya nyumba ya Nyali kupitia tangazo la Facebook, usimbloki papo hapo. Rekodi kwanza skrini kwa video. Anzia kwenye akaunti yake, gusa jina mpaka nambari ya simu au anwani ya ukurasa ionekane, kisha teremka na mazungumzo taratibu, tarehe zikisomeka. Skrinshoti moja iliyokatwa haitoshi: jina na picha hubadilishwa kwa dakika, na wakili wa mshtakiwa atauliza kilichokatwa ni nini. Video huonyesha mfululizo mzima. Simu yenyewe usiiuze wala kuifuta. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinataka hati inayoeleza rekodi ya kielektroniki ilitolewaje na kwa kifaa gani, basi ukichapisha saibakafe andika simu ipi, nani kachapisha, lini. Hapa ndipo ushahidi mzuri unaweza kukataliwa, na inauma sana kwa aliyeumizwa kweli. Kituo cha polisi usitoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu chao cha kuandikia matukio. Njia hii haifui dafu kwa picha za kutazamwa mara moja, maana WhatsApp huzuia kurekodi. Hizo zipige kwa simu nyingine kabla hujazifunga. Wala haisaidii akaunti ikishafutwa, ndiyo maana nasihi sana: usimwanike mtandaoni kwanza, atasafisha kila kitu kabla polisi hawajaanza.